Kiharusi: Kwa nini mguu usio na jeraha hushindwa kutembea

Mgonjwa wa kiharusi anayeburuza mguu wa kulia anaweza kupigwa picha ya eksirei kuanzia nyonga hadi kisigino, na picha hiyo isioneshe mfupa uliovunjika wala kiungo kilichoteguka. Misuli ipo mahali pake, damu inafika, ngozi haina kidonda. Hata hivyo mguu haunyanyuki. Hali hii huwachanganya wagonjwa wengi na familia zao, na ndiyo sababu katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni muda na fedha huelekezwa kwenye mguu wenyewe: kuusugua kwa mafuta ya moto, kuufunga vitambaa, kuuchua asubuhi na jioni. Wakati huohuo hitilafu iko ndani ya fuvu, katika njia ambayo amri ya kutembea hupita kabla ya kuufikia mguu.

Kwa Mkoa wa Dar es Salaam, ambao Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuhesabia wakazi 5,383,728, suala hili si dogo. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwafuatilia wakazi wa maeneo maalumu ya Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ili kujua ni wangapi hupata kiharusi kwa mara ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiwango cha Hai kilikuwa wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Cha Dar es Salaam kilikuwa 315.9, karibu mara tatu. Idadi ya wakazi na mtindo wa maisha vimebadilika tangu wakati huo, lakini tofauti hiyo kati ya mji na kijiji inatosha kueleza kwa nini karibu kila mtaa wa jiji una mtu anayetembea kwa kuegemea ukuta.

Njia ya amri

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unavuta. Haunayo akiba ya maana. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli huanza kufa.

Amri ya kunyanyua mguu huanzia kwenye gamba la juu la ubongo, katika ukanda unaokaa kama utepe kutoka utosini hadi karibu na sikio. Kila kipande cha ukanda huo kina kiungo chake. Sehemu ya uso na mkono imekaa upande wa nje, nayo ni pana, kwa kuwa vidole na midomo hufanya kazi zenye ustadi mwingi. Sehemu ya mguu imejificha ndani, katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Sehemu hizi mbili hulishwa na mishipa tofauti ya damu, na mshipa unaolisha upande wa nje ndio unaoziba mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huona mkono umelegea kuliko mguu, na baadaye hurudi kutembea huku kiganja kikiendelea kujikunja. Familia husema mguu “umesikia dawa” na mkono “umekataa”. Kilichotokea ni kwamba jeraha limekaa karibu zaidi na eneo la mkono.

Kutoka kwenye gamba, nyuzi za neva hushuka na kukusanyika katika uchochoro mwembamba katikati ya ubongo, kisha hupita kwenye shina la ubongo. Hapo, sehemu ya chini kabisa ya shina, nyuzi nyingi, kati ya asilimia 85 na 90, huvuka kwenda upande wa pili. Ndipo upande wa kushoto wa ubongo unapotawala mguu wa kulia. Baada ya kuvuka, nyuzi hushuka ndani ya uti wa mgongo hadi kiunoni, zinakabidhi amri kwa seli nyingine, na seli hizo ndizo zinazoifikisha kwenye misuli.

Ule uchochoro mwembamba unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio unaoeleza jambo ambalo madaktari huulizwa kila siku: inawezekanaje doa dogo katika picha ya ubongo likaangusha nusu nzima ya mwili? Nyuzi zilizotawanyika kwenye gamba kama barabara za mitaani zikifika hapo huwa zimebanana kama magari yanayoingia darajani. Mshipa mdogo wa damu unaolisha eneo hilo, ukiwa umekakamaa kwa miaka mingi ya shinikizo la juu la damu, unaweza kuziba na kuacha jeraha lisilozidi milimita 15. Uso, mkono na mguu vyote hupotea kwa pamoja. Mgonjwa mwingine anaweza kuwa na jeraha kubwa mara kadhaa katika sehemu nyingine ya ubongo, naye akaondoka hospitalini akitembea. Ukubwa wa doa peke yake hauamui. Mahali lilipo ndipo penye uzito zaidi.

Kutembea, zaidi ya hayo, hakuhitaji nguvu pekee. Sehemu ya nyuma ya kichwa, chini, ina ubongo mdogo unaopima mizani na kupanga mpangilio wa hatua. Jeraha likitokea hapo, mguu huwa na nguvu kamili lakini mgonjwa hupepesuka, hutanua miguu ili asianguke, na mara nyingine majirani humdhania amelewa. Kuna sehemu za ndani zinazoanzisha na kuendeleza mwendo bila mtu kufikiri, na kuna sehemu za upande wa kulia zinazomjulisha mtu kwamba upande wake wa kushoto upo. Mgonjwa aliyeumia huko anaweza kugonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto kila anapopita na asielewe kwa nini. Macho yake yanaona. Ubongo ndio umeacha kuuhesabu upande huo.

Mguu unaokakamaa

Katika siku za mwanzo kiungo kilichopooza huwa kimelegea. Baada ya wiki kadhaa huanza kukaza: goti linanyooka kama mti, kisigino kinapanda, vidole vinaelekea chini. Wapo wanaofurahi wakidhani nguvu zimerudi, na wapo wanaoogopa wakidhani ugonjwa umeanza upya. Maelezo yake ni haya. Uti wa mgongo una mizunguko yake ya kukaza misuli pale inapovutwa, na katika hali ya kawaida ubongo huituliza. Nyuzi za kutoka juu zikikatika, utulizaji hupungua, na misuli huanza kukaza kwa kila mvuto mdogo.

Mwendo unaojulikana wa mtu aliyepata kiharusi hutokana na mkazo huo. Kwa kuwa goti halikunji na ncha ya mguu haipandi, mguu huwa mrefu kuliko nafasi iliyopo chini yake. Mgonjwa hulazimika kunyanyua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje, ukichora nusu duara, ndipo autue mbele. Hatua ya namna hiyo hutumia nguvu nyingi kuliko ya kawaida, na ndiyo sababu mgonjwa anayekwenda dukani na kurudi huchoka kama aliyelima. Uchovu huo husemwa kuwa ni uvivu. Si haki kumwambia hivyo.

Mkazo usiposhughulikiwa, misuli ya nyuma ya mguu na ukano wa kisigino hufupika kabisa. Hapo tatizo lililoanzia kwenye ubongo huwa limezaa tatizo la pili, na safari hii mguu wenyewe umeharibika kweli. Kunyoosha kifundo cha mguu kila siku, kumgeuza mgonjwa kitandani na kumketisha kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka ni kazi ambazo ndugu wakifundishwa huzimudu. Kuchua kwa mafuta hakuna ubaya wowote, na humfariji mgonjwa. Kasoro yake hutokea pale kunapochukua nafasi ya mazoezi.

Ubongo unavyojipanga upya

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Uponaji unaoonekana katika wiki za kwanza hutokana kwa sehemu na uvimbe kupungua kuzunguka jeraha, na seli zilizokuwa zimezimia bila kufa kuanza tena kazi. Kinachofuata ni cha polepole zaidi. Maeneo ya jirani, na mara nyingine nusu ya pili ya ubongo, hujifunza kubeba sehemu ya kazi iliyopotea. Viungo vipya kati ya seli huota, vya zamani vilivyokuwa dhaifu huimarika. Mabadiliko hayo huja kwa kurudiarudia tendo lenyewe. Anayetaka kutembea sharti afanye mazoezi ya kutembea, mamia ya hatua, huku akishikwa au akiegemea kitu imara. Kumnyanyulia mguu akiwa amelala huzuia viungo kukauka, lakini hakuufundishi ubongo kutembea.

Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo, na mwendo wa uponaji hupungua baada ya mwezi wa sita. Kauli ya kwamba baada ya hapo hakuna tena linalowezekana haina msingi. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu 408 waliopata kiharusi. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka huku wakining’inizwa kwa mikanda. Wengine walifanyiwa mazoezi ya nguvu na mizani nyumbani kwao chini ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepiga hatua katika uwezo wa kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliotumia mashine na waliofanya mazoezi nyumbani. Baadhi yao walianza mazoezi ya mashine wakiwa na miezi sita tangu waugue, nao pia walipata nafuu. Kwa mkazi wa Mbagala au Bunju asiyekuwa na mashine hiyo, taarifa hii ni ya kutia moyo kuliko nyingi zinazosambazwa.

Tahadhari moja ni muhimu. Haraka ya kumsimamisha mgonjwa na kumtembeza kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza haifai. Utafiti wa kimataifa uitwao AVERT, uliotolewa mwaka 2015, ulibaini kwamba waliofanyishwa mazoezi mengi mapema mno walikuwa na matokeo mabaya kidogo kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wakati wa kuanza huamuliwa na watabibu wodini.

Mita 14 za barabara

Wataalamu wa utengamao hupima mwendo kwa saa na futi kamba. Mwaka 1995 Jacquelin Perry na wenzake wa Marekani waliwagawa waliopata kiharusi kwa kasi yao ya kutembea: anayekwenda chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia ndani ya nyumba na uani. Anayezidi mita 0.8 kwa sekunde anaweza kujitegemea katika shughuli za nje. Walio kati huweza kutoka kwa shida.

Vipimo hivyo vikihamishiwa Dar es Salaam hupata maana iliyo wazi. Barabara yenye upana wa mita 14 huvukwa na mtu mzima mwenye afya kwa sekunde 11 au 12. Mwenye kasi ya mita 0.8 huhitaji sekunde 17 na nusu. Mwenye kasi ya mita 0.4 huhitaji sekunde 35, na hizo ni nyingi mno mbele ya bodaboda. Hapo bado mchanga wa Chamazi haujahesabiwa, wala njia za Mabwepande zilizochimbwa na mvua, wala mtaro usiofunikwa ambao mwenye mguu unaoburuzika hawezi kuuruka. Kupanda daladala kunataka mtu asimame kwa mguu mmoja dhaifu huku wa pili ukipanda ngazi ya juu, na kondakta akihimiza. Wapo wagonjwa ambao fiziotherapia imewafikisha pazuri, lakini wamebaki uani kwa sababu ya mita chache kati ya geti na kituo cha basi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikika kwa majengo na huduma za umma, na ofisi za serikali za mitaa zinapopanga ukarabati wa barabara za ndani ni halali wananchi hao wasikilizwe.

Kuna kifaa chepesi cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kushikilia kifundo ili ncha ya mguu isiburuzike. Kwa anayekifaa, kifaa hicho humpunguzia kujikwaa tangu siku ya kwanza. Mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi wa hapa nchini hufundishwa katika chuo cha TATCOT kilichopo Moshi, kilichoanza mwaka 1981. Vipimo huchukuliwa kwa mtu mmoja mmoja. Kununua cha mtu mwingine kilichotumika huweza kusababisha vidonda.

Saa nne na nusu

Kiasi cha jeraha kitakachobaki ubongoni hutegemea sana kilichofanyika katika saa za kwanza. Mtaalamu wa neva wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila tiba, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla ya kipimo cha CT-Scan kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Viharusi vya kuvuja damu na vya kuziba mshipa hufanana kwa nje. Tiba ya kimoja inaweza kuua mwenye kingine. Hiyo ndiyo sababu ya kutompa mgonjwa aspirini nyumbani. Asipewe pia chakula wala maji, kwa kuwa koo huweza kuwa limepooza na kilichokusudiwa tumboni kikaingia mapafuni. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali, na saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima iandikwe.

Dalili ni upande mmoja wa uso kushuka, mkono mmoja kushindwa kubaki juu ukinyanyuliwa, usemi kuvurugika ghafla, au mtu kupoteza mizani bila sababu. Zikipotea zenyewe baada ya nusu saa bado ni dharura, kwa kuwa kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya siku chache.

Kuchelewa kuna sababu nyingi: foleni, nauli, usiku. Ipo nyingine ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu namna wananchi wanavyokielewa kiharusi uliona kwamba wakazi wa Hai waliohojiwa walikihusisha zaidi na presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, ilhali jijini Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini na uchawi. Wanaodhani imani hizo ni za vijijini wangeshangaa. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima ndani ya dakika moja, bila homa wala jeraha, unaleta maswali, na mwenye maswali hutafuta majibu kwa yule anayemwamini. Dua na maombi havizuii gari kwenda hospitali. Vyote viwili huweza kufanyika kwa wakati mmoja. Hatari ipo pale mgonjwa anapohamishiwa kwanza kwa mganga na kufikishwa hospitali siku ya tatu.

Wakati ubongo unajishambulia

Kiharusi hakimiliki peke yake ugumu wa kutembea unaotoka ubongoni. Upo ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, au kwa kifupi MS, uliofafanuliwa kitabibu na Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani, wengi wakiishi mbali na ikweta. Afrika Mashariki huonekana kwa nadra, na kila mgonjwa hupita kwa madaktari wengi kabla ya kupata jina la kinachomsumbua.

Ndani ya ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia mailini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Amri huchelewa au hupotea njiani. Shambulio huja kwa siku kadhaa, hupungua, kisha hurudi mahali pengine baada ya miezi au miaka. Mguu leo, jicho kesho. Cha kushangaza ni kwamba idadi ya madoa meupe katika picha ya MRI hailingani vizuri na uwezo wa kutembea. Mwenye madoa mengi anaweza kutembea vizuri kuliko mwenye machache. Kinacholingana zaidi ni kusinyaa kwa ubongo na hasa kwa uti wa mgongo, kwani huko nyuzi za miguu hazina njia mbadala.

Joto huongeza taabu. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza mwaka 1890 kwamba dalili za wagonjwa hao huzidi mwili unapopata moto. Uzi uliopoteza utando wake hupitisha amri kwa shida, na joto likipanda kidogo tu hushindwa kabisa. Kwa anayeishi Dar es Salaam chini ya bati mwezi Februari, hilo humaanisha kwamba miguu yake ya saa tisa alasiri si ile ya alfajiri. Maji baridi na kivuli humrudishia uwezo wake. Haina maana kwamba ugonjwa umeongezeka.

Kabla ya kutaja MS, daktari wa hapa nchini hulazimika kuondoa kwanza mengine yaliyo mengi zaidi: kifua kikuu cha uti wa mgongo, athari za Virusi vya UKIMWI, kaswende, upungufu wa vitamini B12. Miguu yote miwili ikianza kukaza taratibu huku mgongo ukiuma, mgonjwa asisubiri. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo.

Somo kutoka Tarime

Tanzania ina mfano wake yenyewe, ambao umeingia katika vitabu vya neva duniani. Mwaka 1985, baada ya ukame, watu katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu yote miwili ghafla. Daktari William Howlett, pamoja na watafiti akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walieleza wagonjwa 39 katika jarida la Brain mwaka 1990. Ugonjwa huo ni konzo, jina lililotoka Kongo, ambako Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Katika lugha ya Kiyaka neno hilo hubeba maana ya miguu iliyofungwa. Chanzo chake ni kula kwa wiki nyingi mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha kuondoa sumu ya sianidi, bila vyakula vya protini vinavyousaidia mwili kuiharibu.

Picha za MRI za ubongo wa wagonjwa wa konzo waliochunguzwa katika miaka ya 1990 hazikuonesha doa lolote. Lakini watafiti walipouchochea ubongo kwa sumaku kupitia fuvu, misuli haikujibu. Njia ya amri ilikuwa imeharibika bila kuacha alama inayoonekana. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba picha ni safi hajamwambia kwamba hana ugonjwa.

Mihogo mitamu inayochemshwa au kukaangwa jijini, ikiliwa pamoja na vyakula vingine, haileti konzo. Kwa familia zinazotegemea unga wa makopa ya mihogo michungu, ipo njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa kusini mwa Tanzania: unga hulowekwa kwa maji, husambazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo.

Mahali pa kuanzia

Shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi kinachoweza kuzuilika, na halina dalili. Hupimwa kwenye zahanati na vituo vya afya kwa dakika chache; kipimo kinachofika 140 kwa 90 kwa nyakati tofauti huhitaji ushauri wa daktari. Dawa huendelea hata mtu akijisikia mzima, kwani kujisikia mzima huko mara nyingi ndiyo kazi ya dawa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai ulitaja pia uvutaji wa sigara na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI miongoni mwa vihatarishi.

Wakazi wa Temeke huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, na wa Kinondoni huanzia Mwananyamala. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi lake la Mloganzila au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambayo licha ya jina lake hushughulikia pia upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Anayeruhusiwa kutoka wodini aulize tarehe ya kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba kabla ya kuondoka, na ndugu atakayekaa naye afundishwe palepale namna ya kumshika, kumgeuza na kumsimamisha kwa upande ulio dhaifu.

Nyumbani, maendeleo hupimwa bila mashine. Ndugu huchora mistari miwili ya chaki sakafuni au uani, umbali wa mita 10, na kuhesabu kwa saa ya simu sekunde ambazo mgonjwa anatumia kutoka mmoja hadi mwingine, akiwa na fimbo yake ya kawaida na mtu wa kumkinga asianguke. Sekunde 25 ni kasi ya mita 0.4, sekunde 12 na nusu ni mita 0.8. Kipimo kikiandikwa mara moja kwa wiki na daftari likapelekwa kliniki, mtaalamu huona mapema kama mwendo umekwama, na hubadilisha mazoezi.